Pedali ilizamaje? Maswali yenu kuhusu breki zilizofeli baada ya kutoka gereji

SWALI: Nina Toyota Noah ya otomatiki. Fundi alibadilisha pedi za mbele, kisha akatoa upepo kwenye breki za magurudumu yote manne. Siku ya nne, nikishuka kutoka Isyonje kuja Igawilo na abiria sita, pedali ilizama hadi kwenye kapeti. Tuta la udongo ndilo lililotuokoa. Fundi anasema pedi ni nzima na kosa ni langu, eti nilikanyaga breki njia nzima. Shemeji yangu anashikilia kwamba niliwekewa pedi feki. Nani mkweli?
Msomaji, Uyole, Mbeya

JIBU: Pole sana, na abiria wako pia. Kabla ya kumhukumu yeyote, tunahitaji jambo moja ambalo barua yako haikulitaja. Gari lilipokwisha kupoa, tuseme baada ya nusu saa, ulipokanyaga tena pedali ilikuwaje? Jibu lipo hapo.

Tuanze na shemeji, maana hoja yake ndiyo nyepesi kuitoa. Pedi mbovu au feki zikipata moto hupoteza mshiko, lakini pedali haizami. Inabaki juu, ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa nguvu zote na gari linaendelea kwenda. Pedali kwenda sakafuni ni habari ya mafuta ya breki: yamechemka, yamevuja, yamechanganyika na hewa, au yanapita pembeni ya sili (mpira wa kuzuia mafuta) ndani ya masta silinda, pampu kuu inayosukumwa na pedali. Kwa hiyo pedi feki, hata kama zipo, si maelezo ya tukio lako.

Kama pedali ilirudi yenyewe baada ya kupoa, bila mtu kugusa kitu, basi mafuta yalichemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani siku hadi siku. DOT 3 mpya (DOT ni daraja la mafuta ya breki) huanza kuchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 huchemka kwenye 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, kwa hiyo mguu wako unabana mapovu na pistoni ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, haisogei. Joto lenyewe si la mchezo. Gari la tani 2 likishushwa mita 400 za kimo kwa breki peke yake, joto linalozalishwa lingechemsha ndoo ya lita 20 ya maji na kubaki. Kwenye Noah yenye watu, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye diski mbili za mbele.

Hapo fundi ana haki kidogo, ila hajapona. "Kutoa upepo" na "kubadilisha mafuta ya breki" ni kazi mbili tofauti, ingawa gereji nyingi huzichanganya kwenye risiti. Kutoa upepo humwaga vijiko vichache tu. Kubadilisha mafuta huhitaji lita 1 hivi, ukifungua kila gurudumu mpaka yaache kutoka ya rangi ya chai na yaanze kutoka meupe. Tena, kama alimalizia kikopo kilichokaa wazi kwenye rafu miezi kadhaa, alikuongezea mafuta yenye maji tayari. Mwulize aliweka DOT gani, kiasi gani, na kikopo kilifunguliwa lini. Mafuta hayo hubadilishwa kila miaka 2, gari litembee lisitembee.

Kama gari limepoa na pedali bado inazama polepole chini ya mguu, huku kopo la mafuta ya breki kwenye injini limejaa na hakuna tone lililovuja, mtazame masta silinda. Hapa ndipo tunapomtilia shaka fundi wako zaidi. Kwa miaka mingi pistoni za masta hutembea nusu tu ya silinda yake. Nusu ya mwisho, ambako hazifiki, hujenga kutu na uchafu. Msaidizi anapopampu pedali mpaka sakafuni wakati wa kutoa upepo, sili za mpira zinasukumwa juu ya ile kutu na kuchanika midomo. Gari linatoka gereji likiwa na breki nzuri kabisa, na siku chache baadaye masta inakufa. Fundi mzoefu huweka kipande cha mbao chini ya pedali ili isifike mwisho. Ni mbao ya bure, na inaokoa masta.

Kama pedali ni laini na inarukaruka, ukipampu mara tatu inapanda, kuna hewa. Swali linakuwa: imeingilia wapi baada ya siku nne? Huenda kopo lilikauka wakati wa kazi na hewa ikabaki kwenye moduli ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge. Magari mengine hayaitoi hewa hiyo bila mashine ya kusoma kompyuta. Huenda nipeli moja, skrubu ya kutolea upepo, haikukazwa. Na kama kalipa zilifunguliwa zote mbili, angalia nipeli ziko juu au chini. Kalipa ya kulia ikifungwa kushoto, nipeli inaelekea chini, hewa inabaki juu ya pistoni, na fundi anaweza kumwaga lita 5 asiitoe. Kosa hili tunaliona la kijinga, lakini hutokea pale kalipa zote mbili zinapolala kwenye beseni moja la petroli.

Kama kopo limepungua, tafuta panapovuja. Mbele: hozi, na bolti inayoishika kwenye kalipa, ambayo ina washa mbili za shaba zisizopaswa kutumika mara ya pili. Nyuma: nyanyua kidogo ule mpira wa vumbi wa silinda ya gurudumu ndani ya dramu, pakilowa, silinda imekwisha. Jambo moja la kukumbuka ni kwamba masta za magari haya zina njia mbili zinazojitegemea. Uvujaji wa sehemu moja huua njia moja tu. Pedali hushuka sana lakini karibu na sakafu kuna breki iliyobaki, na dereva wengi huinua mguu kwa hofu kabla ya kuifikia. Ikitokea, kanyaga hadi mwisho kwa nguvu zote, achia, rudia harakaharaka. Sukuma gia kwenye 2, kisha L mwendo ukipungua. Breki ya mkono ivutwe kidogokidogo huku kidole kimebonyeza kitufe, ili magurudumu ya nyuma yasifunge ghafla. Usizime injini: utapoteza pawa stelingi, na ukitoa ufunguo usukani unaweza kufunga. Halafu elekea upande wa mlima, kama ulivyofanya.

Kipimo cha nyumbani, gari likiwa limesimama mahali tambarare na mawe kwenye tairi: injini ikiwa imezimwa, pampu mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Ishikilie, washa injini. Inapaswa kushuka kidogo tu, ishara kwamba sevo, kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga breki, inafanya kazi. Endelea kuibana kwa nguvu ya wastani kwa sekunde 30. Ikiendelea kuteleza kuelekea chini, gari hilo lisiende hata sokoni Mwanjelwa, liburutwe.

SWALI: Gari la kaka yangu liligonga ukuta siku ya pili baada ya gereji kubadilisha shuu za nyuma (vile vibanio vya ndani ya dramu). Hakuna aliyeumia. Wenye gereji sasa wanataka tulirudishe kwao walitengeneze bure. Tukubali?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Msikubali bado. Huenda wana nia njema, lakini wakishafungua lile dramu, kila kilichokuwa mle kitakuwa kimeguswa, na hamtakuwa na la kuonyesha tena. Ofa ya bure haitaharibika kwa kusubiri siku tatu.

Ukuta kama ni wa jirani, polisi wajulishwe, na mwombe mkaguzi wa magari wa kikosi cha usalama barabarani alitazame gari kabla halijafunguliwa. Ripoti yake ina uzito ambao maneno ya fundi mwingine hayana. Bima nayo iarifiwe kabla ya matengenezo yoyote.

Kisha piga picha, na mpangilio wake ni muhimu: kopo la mafuta likiwa na alama zake za juu na chini; ndani ya kila gurudumu kabla ya kufungua; dramu likiwa limetolewa tu na hakuna kilichopanguswa. Chukua mililita 50 za mafuta ya breki kwenye chupa safi ya kioo, uifunge. Vipande vinavyotolewa viwekwe kwenye mifuko tofauti iliyoandikwa KULIA na KUSHOTO. Hapo ndipo kesi nyingi hupotea, kwa sababu vipande hivyo vikishachanganywa havisemi tena.

Afungue fundi wa gereji nyingine, aandike alichoona na kutia saini. Haya ndiyo atakayoyatafuta kwenye shuu za nyuma:

Kirekebishaji, ile skrubu yenye gurudumu la meno kati ya shuu mbili. Ya kulia na ya kushoto zina nyuzi zinazokwenda kinyume. Zikibadilishwa upande, kila breki ikijirekebisha, badala ya shuu kusogea karibu na dramu zinarudi nyuma. Pedali inashuka kidogo kila siku mpaka inafika sakafuni. Hili ni kosa la mkono wa fundi, halina mjadala.

Springi iliyosahaulika, au pini ya kushikilia shuu ambayo kifuniko chake hakikuzungushwa nyuzi 90 kikajifunga. Utaikuta chini ya dramu, imepondeka. Nayo ni ya fundi.

Grisi au mafuta kwenye bitana ya shuu. Hapa usikimbilie kulaumu. Kama sili ya ekseli inavuja, mafuta ya difu huingia yenyewe; yana harufu nzito ya salfa. Fundi alipaswa kuliona na kukwambia, lakini hakulisababisha. Grisi yenye alama za vidole ni jambo jingine.

Silinda ya gurudumu inayovuja. Shuu mpya ni nene, zinazisukuma pistoni ndani hadi eneo lenye kutu, na sili kuukuu hukatika. Hapa lawama inagawanyika: spea ilikuwa imechoka, lakini anayefunga shuu mpya bila kunyanyua mpira wa vumbi na kukagua silinda amefanya nusu ya kazi.

Hozi iliyopasuka kwa uzee, bomba lililoliwa na kutu chini ya chasisi: hayo si ya kazi ya shuu. Mkiyakuta hayo peke yake, mrudieni mwenye gereji kwa heshima na mkubali ofa.

Kwa upande wa madai, andaeni risiti. Kama hamna risiti, ujumbe wa malipo ya simu na maongezi ya WhatsApp mliyoagizana kazi vina thamani, visifutwe. Andikeni barua ya madai yenye tarehe, mkiambatanisha picha na maelezo ya fundi wa pili, mkitaja kiasi mnachodai na siku mnazowapa kujibu. Wakinyamaza, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, hushughulikia pia ulinzi wa mlaji. Mahakama ni baada ya hapo. Uzoefu unaonyesha kwamba mwenye gereji akionyeshwa kirekebishaji cha kulia kilichofungwa kushoto, mazungumzo huwa mafupi.

SWALI: Mafuta ya breki yalipungua njiani, dereva wangu akaongeza oili ya pawa stelingi "kwa muda tu". Sasa magurudumu yanashika yenyewe na rimu zinachoma.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Paki gari. Mipira ya ndani ya breki imetengenezwa kuishi na mafuta ya breki. Ikikutana na oili ya madini inavimba. Iliyo kwenye masta ikivimba inaziba kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye kopo, presha inabaki, breki hazijiachii. Ndiyo hiyo rimu kuchoma. Hatua inayofuata ni sili kulainika na kuraruka, na hapo hakuna breki kabisa.

Hakikisha kwanza. Chukua matone machache kutoka kwenye kopo, tia kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 huchanganyika na maji yakapotea. Oili huelea juu. Tazama pia mpira ulio chini ya kifuniko cha kopo: ukiwa umevimba na haurudi mahali pake, una jibu.

Tiba ni chungu kwa mfuko. Kumwaga na kujaza upya haitoshi, maana mpira ukishanyonya oili hautapiki. Hubadilishwa sili za masta au masta nzima, sili za kalipa, silinda za nyuma, hozi zote, na mabomba ya chuma yasukumwe kwa mafuta mapya ya breki mpaka yatoke safi. Ukipewa bei ndogo sana, jua kuna kitu kimerukwa. Siku nyingine mafuta yakiisha njiani, dereva atafute DOT 3 au DOT 4, ambazo zinakubali kuchanganywa, na aulize yamekwenda wapi, kwa sababu mafuta ya breki hayaliwi na injini. Yakishuka polepole, pedi zinaisha. Yakishuka kwa siku moja, yanavuja.

SWALI: Kijana wangu huendesha Canter ya mbao kutoka Mafinga kwenda Dar es Salaam. Mteremko wa Kitonga huushuka kwa fri, yaani bila gia, anasema anaokoa dizeli. Breki za nyuma zinaisha kila mara na fundi ndiye anayelaumiwa.
Mzazi, Iringa

JIBU: Mzee wetu, msamehe fundi. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeachia mafuta, injini inazungushwa na magurudumu, na pampu hukata dizeli. Likiwa fri, injini inabidi itumie dizeli ili isizimike. Kijana anachoma mafuta zaidi na anamaliza shuu.

Kitonga ashuke na gia ileile ambayo Canter yenye mzigo huo ingehitaji kuupanda, aichague kabla mteremko haujaanza, eksozi breki (inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo) ikiwa imewashwa. Breki ya mguu ni ya kupunguza: akanyage kwa nguvu sekunde chache, ashushe mwendo, aachie kabisa dramu zipumue. Kuibandika mguu mwepesi muda wote ndiko kunakochemsha. Dramu likipata moto hutanuka na kukimbia shuu, kwa hiyo pedali hushuka hata kama hakuna kinachovuja. Akifika chini Ruaha Mbuyuni asimwagie maji, dramu hupasuka. Asubiri, halafu apitishe kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Rimu iliyo baridi kuliko nyingine haifanyi kazi, na hilo sasa ndilo la kumpelekea fundi.

SWALI: Hapa kwetu asubuhi ya baridi pedali huwa ngumu sana ninapoanza safari. Ni breki kufa?
Msomaji, Njombe

JIBU: Inategemea injini. Ikiwa haijawashwa, ugumu ni wa kawaida, kwani akiba ya ombwe kwenye sevo hutosha mikanyago miwili au mitatu tu, na huweza kuisha usiku. Ikiwa injini inaunguruma na pedali bado ngumu, kagua mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye sevo pamoja na vali yake ya njia moja. Mpira uliopasuka husikika ukipiga mluzi. Kumbuka pia kwamba sevo husaidiwa na uzito wa hewa, na kwenye miinuko yetu hewa ni nyepesi: Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, msaada wake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na Njombe iko juu zaidi. Gari lililotoka Dar es Salaam likionekana lina pedali nzito kidogo huku, hilo peke yake si ugonjwa.